Mashine Ikizeeka Ndipo Gemu Hunoga

Kila mashine mpya ya gemu inapotangazwa, mabishano huanza upya juu ya kizazi kipi kilikuwa bora kuliko vyote, na wengi hushindanisha nguvu za mashine, uzuri wa picha au idadi ya zilizouzwa. Mimi nina kipimo changu, na sijaona sababu ya kukibadilisha: kizazi cha mashine kihukumiwe kwa gemu zilizotoka katika miaka yake miwili mitatu ya mwisho. Gemu za mwaka wa kwanza hutengenezwa na watu ambao bado wanaipapasa mashine, mara nyingi huku tarehe ya uzinduzi ikiwakimbiza. Za mwisho hutengenezwa na watu walioishi nayo, wanaojua inapochoka, inapodanganyika, na inachoweza kufanya hata kama aliyeiunda hakuwahi kukiahidi.

Kwa kipimo hicho, bingwa wangu ni PlayStation 2 (PS2) ya Sony, na katika hilo sina kigugumizi. Ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000, utengenezaji wake ukasimamishwa mwanzoni mwa 2013, na kwa jumla ziliuzwa zaidi ya milioni 155. Ndani yake mlikuwa na megabaiti 32 tu za kumbukumbu kuu, kiasi ambacho picha chache za simu ya leo zinakijaza. Uchache huo ndio ninaotaka kuuzungumzia, kwa sababu gemu ninazozipenda kuliko zote zilizaliwa kutokana na watu kupambana nao.

Chukua Grand Theft Auto: San Andreas ya Oktoba 2004. Miji yake mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na jangwa, milima na mashamba yaliyo kati yake, haviwezi kuingia vyote kwa pamoja katika megabaiti 32. Kwa hiyo mashine husoma kipande cha mbele kutoka kwenye diski huku ikikitupa kile ulichokiacha nyuma, na ili usione mahali kipande kinapoishia, watengenezaji walitandaza utusitusi wenye rangi ya machungwa juu ya Los Santos. Sisi tuliuchukulia kuwa ndiyo hali ya hewa ya mji: joto, moshi wa magari, jua la saa kumi na moja jioni. Mwaka 2021 gemu hiyo ilitolewa upya kwa mashine za kisasa, na kwa kuwa mashine hizo hazikuwa na haja ya kuficha chochote, ukungu ukaondolewa. Wachezaji waliopanda kilele cha Mount Chiliad wakaiona ramani yote kwa mtazamo mmoja, miji mitatu imebanana kama nyumba za uswahilini. Malalamiko yalikuwa makubwa, na baadaye ukungu ukarudishwa. Sijui ushahidi mzuri zaidi ya huo wa kwamba mtengenezaji aliyeizoea mashine yake anaweza kuugeuza udhaifu wake kuwa sehemu ya hadithi.

Gemu niliyoicheza kuliko nyingine yoyote, hata hivyo, ni Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006, ambayo mtaani tuliendelea kuiita Winning Eleven, jina ambalo mfululizo huo ulikuwa ukitumia Japani. Konami, walioitengeneza, hawakuwa na leseni za timu nyingi, ndiyo maana Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red. Hakuna aliyejali. Kilichotukalisha pale ni uzito wa mpira. Ulidunda, ulimponyoka mchezaji asiye na ufundi, na pasi ya kupenyeza, ile ya kitufe cha pembetatu, ilikutaka uhesabu mwendo wa anayeikimbilia pamoja na mwendo wa beki anayemfukuza. Halafu kulikuwa na vitufe vya R1 na R2. Ukivibonyeza vyote viwili kwa pamoja, mchezaji aliachana na njia ambayo mashine ilikuwa imempangia, akawa wako kabisa: unaweza kumwahisha mbele ya beki, kumzuia asiuguse mpira unaotoka, au kumkatisha golini kwa pembe ambayo kipa hakuitegemea. Ujanja huo hakuna aliyefundishwa. Uliibwa kwa kuchungulia vidole vya mtu aliyekaa pembeni yako.

Na alikuwapo mshambuliaji Adriano wa Inter, mwenye mguu wa kushoto uliopewa nguvu ya shuti 99. Katika kibanda cha mtaani kwetu, Inter ilipigwa marufuku kwenye mechi za kuwekeana soda. Kibanda chenyewe kilikuwa na benchi la mbao, runinga za chogo, na pedi zilizochakaa mpaka alama za vitufe zikafutika, hivyo mgeni alijulikana mara moja kwa kuinamisha kichwa akitafuta mraba uko wapi. Mechi ilikuwa ya dakika kumi, aliyefungwa anapisha, na anayeingia ndiye anayelipa. Nimecheza gemu nyingi za mpira tangu wakati huo, zenye leseni zote, nyuso halisi na jasho linalong'aa chini ya taa za uwanja, na bado sijapata nyingine ambayo bao la kufungwa linauma kiasi kile.

Shadow of the Colossus ya 2005, iliyoongozwa na Fumito Ueda, ni ya aina nyingine kabisa. Hamna vijiji ndani yake, hamna maduka, hamna maadui wadogo wa kuua njiani. Kuna kijana, farasi wake, nchi tupu, na majitu 16 ya kuangusha. Ukishalipanda jitu unabana R1, na R1 hiyo huiachii, kwa sababu ndiyo mkono wa kijana ulioshika manyoya. Jitu linapojitikisa, duara la nguvu za kijana hupungua kwenye kona ya skrini, na wewe unajikuta unakibana kitufe kwa nguvu kuliko inavyohitajika, kana kwamba mashine inapima jasho lako. Mashine yenyewe inahema: jitu likijaza skrini, mwendo wa picha hupungua na kukwamakwama. Wapo waliolihesabu hilo kuwa kasoro, na kwa hesabu za kiufundi wako sahihi. Toleo lililotengenezwa upya kwa PS4 mwaka 2018 linateleza bila kukwama, ni zuri mno, na nimelimaliza kwa furaha; lakini majitu ya PS2 yalikuwa mazito zaidi, nami sitabishana na mtu juu ya hilo. God of War II nitaitaja kwa haraka tu: ilitoka Machi 2007, wakati PS3 imeshauzwa Marekani kwa miezi minne, na ilikuwa gemu nzuri kuliko chochote nilichokiona kwenye mashine hiyo mpya kwa mwaka mzima uliofuata.

Kipimo changu kimetokana na jinsi mashine zinavyotufikia huku kwetu. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, PlayStation mpya kwenye boksi ni habari ya wachache. Wengi wetu hukutana na kizazi cha mashine kikiwa kinafungasha virago, kupitia mtumba wa Ulaya, maduka ya Kariakoo, au jamaa aliyerudi kutoka Dubai au Maskati na begi zito. Wakati Wamarekani wanapanga foleni ya PS3 mwishoni mwa 2006 kwa dola 499 na 599, mitaani kwetu PS2 ndiyo kwanza ilikuwa inakolea. Hilo linahesabiwa kuwa unyonge, nami nadhani lina upande wake mzuri. Anayechelewa hukuta gemu mbovu zimeshasahaulika, bei imeshuka, na fundi wa mtaani ameshayajua magonjwa yote ya mashine, kuanzia lenzi iliyochoka hadi pedi ambayo mchezaji wake anatembea peke yake kwenda kushoto. Diski nyingi zilikuwa za kuchoma, tusidanganyane, na watengenezaji hawakupata chochote kutoka kwetu. Ila kama wateja walikuwapo duniani waliozijua gemu za mwisho za PS2 kuliko za mwanzo, ni sisi. Mashine hiyo yenyewe ilikataa kufa: gemu za mpira za PES 2014 (Pro Evolution Soccer) na FIFA 14 zote zilitoka pia kwenye PS2, wakati kiwanda kimeshaacha kuitengeneza.

Mtu anaweza kusema naitetea PS2 kwa sababu ya ujana wangu. Basi tuiache. Super Mario Bros. ya 1985 ilikuwa na kilobaiti 40; Super Mario Bros. 3, iliyotoka Japani mwaka 1988 kwa mashine ileile ya Nintendo, ilikaribia mara kumi ya hizo, kwa kuwa wakati huo watu walikuwa wamejifunza kutia chipu za ziada ndani ya kaseti yenyewe ili kuisaidia mashine. Au tazama PS3, mashine ambayo watengenezaji waliilalamikia kwa miaka kwamba ni ngumu kuiandikia programu. Mwaka wake wa mwisho kabla ya kurithiwa, 2013, ulitupa The Last of Us mwezi Juni na Grand Theft Auto V mwezi Septemba. Hiyo ya pili ilifuatwa na matoleo ya PS4 mwaka 2014 na PS5 mwaka 2022, lakini mzizi wake ni mashine ya 2006 yenye megabaiti 512 za kumbukumbu zilizogawanywa mafungu mawili.

Kuna gemu zinazokipinga kipimo changu. Super Mario 64 ilizinduliwa pamoja na Nintendo 64 mwaka 1996, na wapo wanaoamini, kwa haki kabisa, kwamba hakuna kilichofuata kwenye mashine hiyo kilichoipita. Dreamcast ya Sega ilikatishwa mwaka 2001 kabla ya kuuona uzee, na bado SoulCalibur yake ya 1999 ni gemu ya ngumi na mapanga ninayoiweka juu ya Tekken zote isipokuwa Tekken 3. Watu hunitajia pia The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyozinduliwa pamoja na mashine ya Nintendo iitwayo Switch tarehe 3 Machi 2017, wakidhani wamenikamata. Gemu hiyo ilitoka siku hiyohiyo kwa Wii U, mashine iliyokuwa inakata roho, na ndiyo iliyokusudiwa tangu mwanzo. Mimi naihesabu kuwa gemu ya uzeeni iliyosimikwa kwenye harusi ya mwingine.

Kinachonitatiza ni kizazi hiki cha sasa. PS5 ilitoka Novemba 2020, na miaka miwili baadaye gemu zake kubwa zilikuwa bado zinatolewa kwa PS4 pia: Horizon Forbidden West, Gran Turismo 7, God of War Ragnarök, zote za 2022. Naelewa sababu ya kibiashara, kwani wenye PS4 walikuwa mamilioni na mashine mpya zilikuwa adimu, lakini matokeo yake ni kizazi kilichochelewa kuanza, na kisichoanza kwa wakati sijui kitakomaa lini. Lipo pia jambo linalotugusa sisi wa mtumba moja kwa moja. Faida ya kuchelewa inategemea diski. Diski inauzwa, inaazimwa, inavuka bahari kwenye begi la mtu. Gemu ya kupakua inategemea akaunti, bando, na duka la mtandaoni ambalo mwenye nalo anaweza kulifunga. Nintendo waliyafunga maduka ya mashine zao za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, na tangu hapo hakuna anayeweza kununua gemu mpya humo. Sony walitangaza mwaka 2021 kwamba watalifunga duka la PS3, wakarudi nyuma baada ya wachezaji kupiga kelele. Anayenunua mashine ikiwa mpya huenda asisikie uchungu wowote, maana mpaka duka linafungwa ameshahamia kwingine. Sisi tungekuwa ndiyo kwanza tunaingia mlangoni.

PS5 Pro, iliyotoka Novemba 2024, inauzwa bila sehemu ya kusomea diski. Ukiitaka, unainunua kando. Kwa hiyo siku nitakapochukua PS5, na nitaichukua ikishachujuka, itakuwa ile ya kwanza, nene, yenye mdomo wa diski. Gemu ya kwanza nitakayoitafuta ni Astro Bot ya 2024. Walioitengeneza, Team Asobi, ndio waliotengeneza Astro's Playroom, ile gemu ndogo iliyokuja ndani ya kila PS5 tangu siku ya kwanza ili kuonyesha jinsi pedi mpya inavyotetemeka na vitufe vyake vinavyokaza. Wamekuwa na miaka minne ya kuisoma pedi hiyo, na kila aliyeicheza ninayemfahamu anaanza maelezo yake kwa mikono.