Jinsi Nilivyomfikisha Mama Mkubwa Fungu la Maziwe

Mama mkubwa wangu alizaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na baba yake alikuwa mvuvi. Alipoolewa alihamia Tanga mjini, na huko ndiko alikotulea sisi sote baada ya mama yetu kufariki. Katika masimulizi yake ya utotoni kisiwa cha Maziwe hakikosekani: ngalawa ya babu, kivuli cha mivinje, kasa wakipanda kutaga usiku, na wavuvi wakipika uji juu ya mchanga wakisubiri upepo ugeuke. Mivinje hiyo haipo tena. Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, lakini miaka michache baadaye miti yote ilikuwa imetoweka, na leo kilichobaki ni fungu la mchanga mtupu lililozungukwa na matumbawe, ambalo maji yakijaa sana hulifunika kabisa. Mama mkubwa hakuwa amekanyaga pale tangu akiwa msichana, na alipotimiza miaka 70 alisema jambo moja tu, kwamba angependa kupaona tena kabla miguu haijamkatalia.

Jaribio la kwanza lilishindikana, na lilishindikana kwa sababu yangu. Nilipanga safari kama ninavyopanga ya Muheza au Korogwe, yaani kwa kutazama siku ya mapumziko na saa ya kuondoka kwa gari. Tulitoka Tanga Jumamosi asubuhi, tukafika Pangani, tukala chakula cha mchana bila haraka, kisha nikamtafuta mwenye boti, tukapatana bei, na saa 8:00 mchana tukaondoka. Baada ya karibu saa nzima baharini nahodha alipunguza mwendo, akaonyesha mahali ambapo maji yalikuwa ya kijani kibichi badala ya buluu, akasema, “Maziwe ndiyo hiyo, iko chini.” Tulizunguka mara moja juu ya mchanga ule, tukarudi na upepo wa mchana ukiturushia maji hadi nguo zikalowa zote. Mama mkubwa hakunilaumu. Alikaa kimya mpaka tulipofika nyumbani, ndipo akaniuliza: “Mwanangu, leo mwezi ulikuwa wa ngapi?” Sikujua.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jambo ambalo watu wa pwani wa rika lake hawahitaji kufundishwa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: hujaa sana na hupwa sana, na katika pwani yetu tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Jambo la kumsaidia msafiri zaidi ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki ovyo. Katika siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10:00, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4:00, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo anayejua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anaweza kukadiria hali ya maji akiwa amekaa barazani, bila simu wala jedwali. Siku ile ya kwanza ilikuwa bamvua kweli, lakini mimi nilifika saa 9:00 alasiri, maji yakiwa yamebakiza muda mfupi tu kujaa.

Nilipokuwa tayari kupanga upya nilimwendea mama mkubwa na kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu na za kawaida pamoja, tukakaa nayo juu ya mkeka. Tuliondoa kwanza miezi ambayo kusi huvuma kwa nguvu, kuanzia Mei hadi Agosti, kwa sababu mashua ndogo haina raha baharini wakati huo na yeye hawezi tena kustahimili kurushwarushwa. Tuliondoa pia Machi na Aprili kwa ajili ya masika. Tuliafikiana kuhusu Oktoba, majira ya tanga mbili, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijaanza, wakati ambapo asubuhi bahari huweza kulala kama maji ya sinia. Baada ya hapo tulitafuta mwezi mpevu. Mama mkubwa hufunga siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi, na hakuwa tayari kuziacha kwa ajili ya matembezi. Tukachagua Jumamosi ya tarehe 16, ambayo bado ni bamvua nzuri, kwa kuwa maji huendelea kuwa makubwa siku moja au mbili baada ya mwezi kujaa. Kwa hesabu yake maji yangekuwa makavu kabisa saa 4:00 na dakika chache asubuhi. Baadaye nililinganisha na jedwali la maji kwenye intaneti, na tofauti haikufika robo saa.

Wiki mbili kabla, nilikwenda Pangani peke yangu kwa siku moja. Wengi huona safari kama hiyo ni kupoteza nauli, lakini kwa anayesafiri na mtu mzima mwenye magoti mabovu naiona ni lazima. Nilitaka kuona kwa macho yangu mahali pa kupandia boti. Watu wengi huondokea ufukwe wa Ushongo, kusini mwa Pangani, ambako ni pazuri sana, lakini pale abiria huingia majini hadi magotini, wakati mwingine hadi kiunoni, ndipo apande. Katika kingo za mto pale Pangani mjini boti husogea karibu, na vijana wawili wanaweza kumshika mtu mikono akaingia bila kulowa. Nikachagua Pangani. Tatizo lake ni mlango wa mto, ambao una mafungu ya mchanga. Maji yakiwa makavu kabisa boti inaweza kukwama au kugongwa na mawimbi yanayovunjikia pale. Nahodha niliyempata, mtu mzima aliyeanza bahari akiwa kijana, alinieleza bila kuulizwa kwamba ni lazima tutoke saa 1:30 asubuhi maji yakiwa bado yamo nusu, na turudi maji yakiwa yameanza kupanda. Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Ningemshauri yeyote anayekodi chombo aulize swali hilohilo, kwamba kwa siku hii tutoke saa ngapi na kwa nini, kisha asikilize kama jibu linatokana na maji au na hamu ya fedha.

Tulipatana bei ya boti nzima badala ya bei ya kila kichwa, nusu mkononi na nusu tukirudi salama. Nilihesabu majaketi okozi mwenyewe, nikayavuta kamba moja baada ya nyingine. Niliuliza pia kuhusu ada ya kuingia katika hifadhi na mahali pa kuilipia, kwa kuwa Maziwe ni eneo tengefu na ada hulipwa serikalini kwa risiti. Ni vema jambo hilo limalizike kabla ya siku ya safari.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, nilinunua ndoo ya lita 10 yenye mfuniko wa kubana, na ndani yake nikaweka simu, fedha, dawa za presha za mama mkubwa, kanga mbili kavu na taulo. Ndoo hiyo iligeuka kuwa kifaa bora kuliko vyote, kwa sababu ikifungwa haiingizi maji, na fungu lisilo na mti wala jiwe halina mahali pengine pa kukaa, hivyo yeye akaifanya kigoda. Tulichukua mwavuli mkubwa, lita 6 za maji ya kunywa, mahamri, mayai ya kuchemsha na machungwa. Kila mmoja alivaa yeboyebo miguuni, maana matumbawe yaliyokufa hukata kama wembe.

Ijumaa alasiri tulipanda gari dogo la abiria kwenda Pangani, mwendo wa takriban kilomita 50. Nilimlipia kiti cha mbele. Alikuwa amefunga, hivyo nilihakikisha tunafika kabla ya magharibi, na katika nyumba ya wageni nilikuwa nimeagiza mapema chumba cha chini kisicho na ngazi, chenye choo ndani. Alifuturu kwa tende na uji wa pilipili manga, akaswali, kisha akaomba tutoke kidogo hadi ukingoni mwa mto. Mwezi ulikuwa umechomoza na maji yalikuwa yakitoka kuelekea baharini. Alitazama taa za Bweni ng'ambo, akanionyesha mahali nyumba yao ilipokuwa, akasema, “Yako sawa. Kesho tutakuta mchanga.”

Asubuhi nahodha alimpokea kwa “Shikamoo, bibi,” akamkalisha katikati ya boti, karibu na nyuma, ambapo mrusho huwa mdogo kuliko mbele. Tulikuwa sita: mimi, yeye, wadogo zangu wawili, nahodha na msaidizi wake. Tulipovuka mlango wa mto, maji ya kahawia ya Pangani, mto unaoanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yaliachana na maji ya bahari kwa mstari ulioonekana wazi kama upindo wa nguo. Baada ya hapo bahari ilikuwa shwari. Saa 2:30 tuliliona fungu, jeupe, refu, juu kidogo ya maji, na ndege wa baharini wamejipanga upande mmoja.

Vijana walimbeba kutoka botini kwa kuunganisha mikono yao kama kiti, wakamshusha juu ya mchanga mkavu. Hakusema neno kwa muda mrefu. Alivua yeboyebo zake akasimama miguu mitupu. Mchanga ule ni wa chembe kubwa, una vipande vya kombe na matumbawe vilivyosagika, na kila hatua unatoa mlio kama wa kutafuna mchele mbichi. Aligeuka akatazama bara, akatafuta mlango wa mto, akasogea hatua kama ishirini kuelekea kaskazini, akatazama tena, kisha akasimama. “Hapa ndipo baba alipokuwa akifunga ngalawa,” alisema. “Palikuwa na mvinje mkubwa, mzizi wake umetoka nje kama goti.” Nilimwambia kwamba mchanga huhama na huenda si mahali palepale. Alinijibu kwamba mchanga huhama, lakini mlango wa mto na ufukwe wa Ushongo havihami, na baba yake alimfundisha kusoma mahali kwa kulinganisha vitu viwili vya bara. Nahodha alitikisa kichwa kukubaliana naye.

Tulipomuuliza nahodha kilichoiondoa mivinje alisema kwamba, anavyoamini yeye, miti ilikatwa kwanza na bahari ikamalizia, kwa kuwa mchanga usio na mizizi hauna wa kuushika. Kasa hawajapasahau. Bado hupanda kutaga, na kwa kuwa maji ya bamvua yangeyafunika mayai yao, wahifadhi huyachimbua na kuyahamishia kwenye ufukwe wa bara, ambako makinda huanguliwa na kuachiwa baharini. Mama mkubwa aliposikia hayo kutoka kwa nahodha aliuliza mara mbili kama ni kweli, akafurahi waziwazi.

Wadogo zangu walikwenda kutazama samaki kwenye matumbawe wakiwa wamevaa miwani ya kuzamia, nasi wawili tukabaki chini ya mwavuli tukila mahamri. Saa 4:20 hivi maji yalitulia. Nahodha alikuwa ametuonya kwamba yanapoanza kurudi huenda taratibu saa ya kwanza, halafu katika saa ya tatu na ya nne hukimbia, na mgeni hudanganyika na ule upole wa mwanzo. Nilichomeka kijiti mahali maji yalipoishia, nikawa nakitazama. Saa 6:00 mchana kijiti kilikuwa ndani ya maji hadi nusu yake, na saa 6:30 tuliondoka, kama tulivyopatana, ingawa wadogo zangu walitaka waongezewe nusu saa. Sikuwakubalia. Tulipoingia mlango wa mto maji yalikuwa yanapanda na boti ilipita bila kugusa chini.

Jumapili, tukirudi Tanga, tulisimama Tongoni kwa saa moja, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, karibu na mwambao ambapo São Rafael, mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama, ilikwama mwaka 1498. Mama mkubwa alikaa kivulini akawasomea marehemu Fatiha. Hakuwa na nguvu za kuzunguka, wala sikumhimiza.

Kalenda bado inaning'inia ukutani kwake. Amekwisha kuiwekea duara la wino tarehe 17 ya Shaabani, kwa sababu tarehe 15 atakuwa amefunga, na ameniagiza nimuulize nahodha kama kaskazi ya asubuhi itaturuhusu, na kama boti yake inatosha watu wanane, maana safari hiyo anataka kuwachukua wajukuu.