Nilipima antena nikadhani nimepima waya

Jumamosi nimeshinda juu ya ngazi nyumbani kwa Mama, Tanga. King'amuzi chake cha antena kilikuwa kinaganda kila taarifa ya habari inapoanza. Enzi za analojia ungeona chenga na bado ukamsikia mtangazaji; sasa picha inakatika vipande, halafu kimya.

Nikaushuku waya. Niliuvuta mwenyewe mwaka uliofuata baada ya Dar es Salaam kuzima analojia, 31 Desemba 2012, kwa hiyo umekula upepo wa bahari miaka mingi. Nikauchomoa kwenye king'amuzi, nikaweka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye mlio (hulia umeme ukipita kati ya ncha zake mbili), ncha moja kwenye waya wa kati, nyingine kwenye kichwa cha chuma. Ikalia. Shoti! Nikaukata palepale ukutani ili nijue ubovu uko upande gani.

Kumbe juu ulikuwa bado umefungwa kwenye antena. Antena nyingi zina kikoili kidogo pale waya unapoingia, na umeme wa betri ya multimita unapita humo bila kizuizi. Waya ungeweza kuwa mzima kabisa na bado ikalia.

Nikapanda, nikafungua. Vipande vyote viwili sasa havilii: waya wa kati haugusani na wavu unaouzunguka. Hiyo ni nusu ya kipimo; bado nijue kama kila kipande kinapitisha umeme mwanzo hadi mwisho. Nikaunganisha waya wa kati na wavu kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara (ya jirani, mimi sivuti), nikapima upande wa pili. Cha chini kikasoma karibu na om sifuri, yaani umeme unapita vizuri (om ni kipimo cha ukinzani). Cha juu, nikikitikisa, 3, 40, kisha hakuna kitu. Ile om 75 iliyoandikwa kwenye ganda la waya usiisubiri, ingawa mimi niliwahi kuisubiri. Hiyo ni ya mawimbi ya redio, haisomeki kwa multimita.

Nikamenya kichwa cha juu. Wavu wa alumini umekuwa unga mweupe. Nikakata shubiri mbili mpaka nikaona unaong'aa, nikafunga kichwa kipya, nikazungushia tepu ya mpira, na chini yake nikauacha waya uning'inie kidogo ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungo. Namba ikatulia kwenye 2.

Saa mbili usiku picha ilikuwa safi. Mama akakitazama kile kiungio kipya katikati ya ukuta wake.

"Na hapo baba, palikuwa pamekufa pia?"

Nikamwomba aongeze sauti.