Nilimtoza kodi kijana niliyemlea, na ningerudia tena

Alipotimiza miaka 18, watu watatu waliniambia neno lile lile kwa siku tofauti: sasa kazi yako imekwisha. Mmoja jirani, mmoja ndugu yangu wa damu, wa tatu mtu wa ofisini niliyetegemea ajue zaidi yangu. Kwa sheria walikuwa sawa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na malezi ya kambo niliyokubaliwa na ustawi wa jamii yalikuwa na mwisho wake. Lakini kijana huyu nilimpokea ana miaka 14, akitoka makao ya watoto alikoingia angali anatambaa. Kwangu alikaa minne tu. Ile 14 ya kwanza bado ilikuwa ndani yake, nami sikuitilia maanani.

Alipomaliza ufundi umeme VETA nikampangia chumba Kihonda, hapa hapa Morogoro. Kodi Sh 40,000 kwa mwezi, na kama ilivyo kawaida mwenye nyumba alitaka ya miezi 6 kwa mpigo, dalali naye akachukua ya mwezi mmoja. Nikanunua godoro, mtungi mdogo wa gesi, sufuria, ndoo, feni. Nikamjazia mchele kilo 20, unga, maharage na mafuta ya mwezi mzima. Ilipita laki tano, baada ya hapo sikuhesabu. Nikarudi nyumbani roho imetulia kabisa.

Siku ya tisa chakula kilikuwa kimekwisha. Hakuibiwa. Kusonga ugali anajua, tena unaiva vizuri, ila ni ugali wa watoto 40. Kumpikia mtu mmoja hakuwahi kuona kule, na kwangu mpishi nilikuwa mimi. Sufuria ikijaa anaita wapangaji wenzake, maana alikokulia chakula kikiiva kila aliyepo anakaa. Umeme walikuwa wanachangia vyumba sita kwa mita moja. Siku ya kununua LUKU watatu wanasema hawana, yeye anatoa. Hakujua kwamba mtu anaweza kukataa na ujirani ukaendelea.

Kisha akashikwa na malaria. Siku tatu amelala, mlango umefungwa, simu ina chaji na salio. Siku ya 19, alfajiri, nilifungua mlango nikamkuta barazani kwangu na begi lake, anatetemeka. Tulipotoka zahanati nikamwuliza kwa nini hukunipigia, mwanangu? Akanijibu taratibu, "Mama, nilijua utaona."

Sikuwa na neno. Makao mgonjwa haombi. Matroni anapita asubuhi, kitanda ambacho mtoto hajaamka anakisogelea, mtoto anapelekwa kutibiwa. Kijana wangu alilala siku tatu akimsubiri mtu apite. Na mimi nilikuwa nimemnunulia feni.

Kodi ya miezi mitano iliyobaki hatukuiona tena. Jirani akasema nimemdekeza. Mwingine akasema watoto wa makao ndivyo walivyo. Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma.

Uani nina chumba nilichokuwa naweka mkaa na magunia ya mahindi. Tukakisafisha, tukakipiga chokaa, na yeye mwenyewe, fundi, akajifungia mita ndogo ya kupima umeme wake. Tukaandika mkataba kwenye daftari, mjumbe wetu wa nyumba kumi akatia saini kama shahidi: kodi Sh 30,000 kila tarehe 5, chakula anajipikia, na akiumwa, anatuma ujumbe kabla ya saa 3 asubuhi. Hicho cha mwisho nilikisisitiza kuliko kodi.

Mtaani wakaanza kunisema: anamtoza yatima kodi! Hawakujua, hata yeye hakujua, kwamba kila shilingi ilikuwa inaingia kwenye kibubu nilichochongesha kwa seremala, kisicho na mlango, cha kuvunjwa tu.

Mwezi wa tatu kazi za saidia fundi zilikuwa chache, akaleta 12,000. Moyo ulitaka kumwambia acha. Nikaandika: deni 18,000. Baada ya wiki mbili alilileta, akaomba nilikate kwa kalamu nyekundu yeye akiona. Alisimama pale pale mpaka wino ukakauka.

La kukataa lilinisumbua zaidi, nikalitafutia dawa. Nilimtuma mpwa wangu akamkope. Mara ya kwanza akampa 5,000 bila kuuliza. Mara ya pili akampa 2,000, akauliza itarudi lini. Mara ya tatu nilikuwa jikoni nimetega sikio, nikasikia, "Kaka, leo sina ya kukopesha, tarehe 5 nina kodi." Niliweka mwiko chini nikamshukuru Mungu. Baadaye nilimweleza yote, na fedha zake zikarudi.

Na karatasi za mtoto, yaani cheti na vitambulisho, usingoje afike 18 ndipo uanze kuzitafuta. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA tulikihangaikia mwaka mzima, kwa vyeti vya shule na barua ya afisa ustawi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kadi yake ya kliniki. Kwenye fomu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, wanauliza majina ya wazazi na walikozaliwa. Kijana akiwa peke yake mbele ya swali hilo anaweza kuinuka akaondoka. Nilikwenda naye, nikakaa kiti cha pembeni. Namba ilipotoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kusajili laini kwa alama za vidole vyake. Ile ya zamani ilikuwa kwa jina langu.

Mwezi wa kumi tulivunja kibubu. Laki tatu. Alihesabu mara mbili, akaniangalia, akahesabu tena. Chumba alikuwa amekipata mwenyewe, bila dalali, kwa mama mmoja aliyemfungia nyaya: Sh 45,000, miezi 6, ni 270,000. Iliyobaki akajazia gesi. Siku ya kuhama tulianza kwa mjumbe wa mtaa ule, nikamtambulisha: huyu ni mwanangu, na namba yangu hii hapa.

Mwezi uliopita, saa 2 na dakika 40 asubuhi, nikiwa sokoni Mawenzi nachagua nyanya, ujumbe ukaingia. "Mama shikamoo. Nina homa tangu usiku. Naenda kupima." Niliacha nyanya nikachukua bodaboda. Nilipofika zahanati alikuwa ameshapimwa, dawa zipo mkononi, amekaa kwenye benchi na kando yake ameniwekea nafasi.