Mawe ya bahari ya okazioni (mitumba) katika mji wa shaba

Ukitaka kufuga samaki wa maji chumvi hapa Lubumbashi, mawe ya matumbawe ya kuweka ndani ya tangi ndiyo yatakayokumaliza pesa kabla hujamwona samaki hata mmoja. Kwa hiyo niliposikia kuna mzee, papa mmoja wa mtaa wa Golf, anahamia Kolwezi na anauza tangi lake na vyote vilivyomo, nilimfuata na bidoni tupu, pamoja na dawa za kupimia shaba.

Shaba ndiyo inayolisha mji huu, lakini ndani ya maji ya bahari ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe. Wafugaji huitumia kutibu ugonjwa wa madoa meupe, kwa kawaida miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Samaki wengi huvumilia, kamba hufa. Na mawe haya ni mifupa ya matumbawe, chokaa tupu yenye vitundu kila mahali. Chokaa hiyo huinyonya shaba, kisha huiachia kidogo kidogo wakati mwenye tangi ameshasahau kwamba aliwahi kutibu chochote. Ndiyo maana sikuanza na bei.

"Papa, haya mawe yaliwahi kukaa kwenye dawa?"

"Ya tangi kubwa, hapana. Yale ya beseni kule nyuma, ndiyo, nilikuwa natibia humo. Hayo chukua bure tu, kaka."

Ya bure niliyaacha palepale. Ya tangi kubwa niliomba kipande kimoja kwanza, nikakiloweka nyumbani kwenye maji chumvi mapya kwa siku kadhaa, nikapima. Rangi ya kipimo haikubadilika. Niliporudi kuchagua, nilichukua yale ambayo ukiyainua unashangaa wepesi wake, maana wepesi ni dalili ya matundu, na bakteria wa kusafisha maji huishi humo. Jiwe zito lililoshikamana ni pambo tu. Nilinusa pia: jiwe zuri linanuka bahari, lililooza linanuka yai viza.

Binamu yangu alinicheka. Kwa nini kununua mawe, na njia nzima ya Likasi imejaa mawe? Watu husema dondosha siki, jiwe likitoa povu ni chokaa, linafaa. Kwetu kipimo hicho hakitoshi. Malakiti, ule ukijani unaouona kwenye mawe ya Katanga, ni kaboneti ya shaba, nayo hutoa povu kwenye asidi vilevile.

Ningeweza kuyaweka mawe yakiwa hai, yaani na viumbe vyake vyote, lakini yalikuwa na aiptasia, anemoni ndogo za kahawia zinazochoma matumbawe. Ukiikwangua vibaya, vipande vinavyobaki vinaota upya. Nikaamua kuua kila kitu. Kuchemsha sikutaka hata kusikia: baadhi ya viumbe vinavyoganda kwenye mawe hayo, hasa zoanthidi, jamaa wa matumbawe, vina palitoksini, sumu kali, na mvuke wake umewapeleka watu hospitali. Nilivaa glavu na miwani, nikasugua kwa brashi ngumu, kisha nikayaloweka nje kwenye pipa la plastiki, sehemu moja ya javeli, dawa ya kung'arishia nguo, kwa kumi za maji. Javeli iwe ile isiyo na manukato. Maji yaligeuka kahawia kama chai iliyokolea, nikayamwaga na kurudia hadi mawe yakawa meupe.

Kuna wanaomalizia kwa asidi ili kula tabaka la juu lenye fosfeti, mbolea ya mwani. Katika mji wa migodi asidi haikosekani, ila inayozunguka zaidi ni ya sulfuriki, na hiyo ikikutana na chokaa huacha ganda la jasi juu ya jiwe. Inayotumika ni ya hidrokloriki, nayo ikigusa mabaki ya javeli inatoa gesi ya klorini. Nina watoto uani. Niliacha, nikakubali kupambana na fosfeti polepole.

Kiangazi kilinisaidia kukausha. Jua na upepo wa mwezi wa saba, hakuna mvua, mawe yalilala juu ya bati hadi harufu ya javeli ikaisha. Usiku wa majira hayo, hata hivyo, baridi hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo hatua iliyofuata, kuotesha upya bakteria wa kusafisha maji, ilihitaji hita: pipa lenye mfuniko, maji ya osmosi (yaliyochujwa hadi yakawa safi kabisa), gramu 35 za chumvi kwa lita, pampu, nyuzi 26, giza ili mwani usiote. Nililizungushia blanketi kuukuu, maana umeme ukikatika joto linaondoka upesi. Pampu ndogo ya betri ilibaki ikitoa hewa. Bakteria hawa bila oksijeni hawafanyi kazi.

Nilianza na bakteria wa chupa na kipande cha nyama ya kamba kilichoachwa kioze ili kiwalishe. Amonia, sumu inayotokana na uozo huo, ilipanda, ikashuka, na nitriti, ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwenye amonia, ikafuata njia hiyohiyo. Fosfeti ndiyo iliyonichelewesha: nabadilisha maji, inashuka, baada ya siku chache jiwe linatema nyingine. Niliweka chembechembe za oksidi ya chuma kwenye chujio na kusubiri hadi fosfeti ikakaa chini ya miligramu 0.1 kwa lita.

Kwenye tangi, mawe makubwa yalitangulia kukaa chini, mchanga ukafuata, kwa sababu samaki wachimbaji wakifukua mchanga ulio chini ya jiwe, jiwe huanguka na kupasua kioo. Vipande vidogo viko kwenye tangi la chujio chini ya kabati. Sasa natafuta mtu wa chumvi mwenye bei nzuri kuliko huyu anayeniletea kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia.