Barua tatu za udaktari na daftari la mama

Matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa mazuri: biolojia, kemia na hesabu zote nilipasi vizuri. Ufadhili wa serikali ndio niliukosa, kwa pointi chache tu, nikaamua kuomba kusomea udaktari kama mwanafunzi wa kujilipia. Barua za kukubaliwa zikaja tatu hapa kwetu Busia, Uganda, mpakani na Kenya: Chuo Kikuu cha Busitema, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na chuo kimoja binafsi. Tulifurahi siku mbili. Siku ya tatu mama akauliza, "Sasa mwanangu, karo tunaitoa wapi?"

Mama anauza dagaa kwa jumla na ana daftari la madeni. Tulifungua ukurasa wa nyuma, tukachora safu tatu. Nilitaka kuandika karo ya muhula wa kwanza kama ilivyo kwenye barua. Mama akakataa. "Andika yote mpaka umalize." Udaktari ni miaka 5, mihula 10. Tukaandika karo, chumba, chakula, nauli, koti jeupe, vitabu. Safu zikaanza kusema mambo ambayo barua hazikusema.

Chuo binafsi kilianguka mapema. Mwalimu wangu wa kemia alinipa namba ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale, na kijana yule alinitajia ada za mitihani na za mafunzo ya wodini ambazo barua yangu haikuzigusa hata kwa neno moja. Nakusihi wewe unayesoma hapa ukiwa na barua mkononi: mtafute mwanafunzi aliye ndani, muulize amelipa nini tangu aingie, shilingi kwa shilingi.

Zikabaki mbili, na hapo ndipo nilipokosa usingizi. Mjomba alikuwa upande wa Mbarara. Chuo kile kilianza 1989, kina jina, na madaktari waliotoka pale wametapakaa nchi nzima. Hoja yake ilikuwa na uzito na mpaka leo naiheshimu. Lakini kutoka Busia hadi Kampala ni kama kilomita 200, na Kampala hadi Mbarara ni kama 270 nyingine. Nyumbani ningerudi mara mbili kwa mwaka. Nilikuwa nimepanga pia kuomba mkopo wa bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu tangu 2014. Mkopo ule hulipa karo na ada za chuo. Chakula na mahali pa kulala ni juu yako. Kwa hiyo hata ningeupata, chumba, sahani na nauli vingebaki kwa mama na dagaa zake.

Watu wengi hapa hudhani ukisema Busitema unasoma jirani, kwa kuwa kampasi kuu iko wilayani kwetu. Udaktari hausomewi hapo. Uko Mbale, karibu na hospitali ya rufaa. Unapanda taksi hadi Tororo, unabadilisha, na ukitoka alfajiri unafika Mbale kabla ya saa sita.

Nilipanda nikaenda kujionea. Nje ya wodi ya watoto nilikaa kwenye benchi karibu na mama mmoja aliyempakata mtoto wa kama mwaka mmoja, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Mwanafunzi alimuuliza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiganda. Mama akatikisa kichwa. Nikamsalimia kwa Kisamia, akageuka upesi kama aliyeitwa jina lake. Mtoto alikuwa akiharisha tangu juzi, na tangu asubuhi hajakojoa. Nilimtafsiria mwanafunzi yule neno kwa neno. Aliposikia la mkojo tu, akaenda kumwita daktari mbio.

Benchi lile ndilo liliniamulia. Mbale wanakuja Wagisu, Wateso, Wagwere, Wajopadhola, na Wasamia wa kwetu. Kiswahili changu cha mpakani na Kisamia vingefanya kazi kila siku. Mbarara ningeanza kujifunza Kinyankole huku nikijifunza kupima mgonjwa. Wapo wanaoweza. Mimi nilijipima nikaona ningechelewa. Tena natamani kutibu watoto, na mji wa Mbale una hospitali ya CURE ambako Daktari Benjamin Warf aliendeleza njia ya kutibu watoto wenye kichwa maji bila kutegemea mrija wa kubaki mwilini.

Nilimweleza mjomba kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza shahada itakuwa ileile? Nikamwambia ndiyo, na mwaka mmoja wa mafunzo kazini baada yake ni uleule popote nitakapomaliza. "Basi nenda, mama," akasema, na wiki ile akatuma pesa ya godoro.

Sasa niko mwaka wa tatu. Mkopo nilipata, chumba tunachangia wawili, na Jumamosi mama hunitumia dagaa kwa dereva wa Tororo.