Siku moja maishani mwangu: wakili wa alama za biashara, Dar es Salaam

Saa 12 asubuhi

Nipo kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimeshika bomba kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine. Nasoma jarida la BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, linalotangaza alama za biashara, yaani majina na nembo za bidhaa, zilizoombwa kusajiliwa. Tangazo likishatoka, mwenye pingamizi ana siku 60 za kuliwasilisha. Akizembea, kuing'oa alama iliyokwisha kusajiliwa ni kazi nzito zaidi. Napitia jina moja moja nikitafuta linalokaribiana na la mteja wangu, kwa maandishi na hasa kwa matamshi. Dukani watu huagiza sabuni kwa mdomo. Herufi moja ikibadilika na sauti ikabaki ileile, mnunuzi amekwisha kupotezwa.

Saa 2

Ofisini, Mnazi Mmoja. Naingiza maombi kwenye mfumo wa BRELA. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: vipodozi na sabuni daraja la 3, nguo la 25, chai, unga na viungo la 30. Aliyesajili nguo peke yake hajalinda mafuta yake ya kujipaka.

Saa 4

Anaingia mama wa makamo kutoka Mbagala, mfuko mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeibiwa."

Anamwaga mezani pakiti mbili za viungo vya pilau. Rangi moja, sufuria ileile inayofuka mvuke, jina limeongezwa herufi moja tu. Moja ni yake. Nyingine imeonekana Kariakoo, na wateja wake wa Temeke wanamlalamikia kwamba siku hizi viungo vyake havina harufu. Kisha anatoa cheti kilichotunzwa vizuri ndani ya jalada.

"Hiki hapa. Jina ni langu, serikali inajua."

Ni cheti cha jina la biashara. Hapa ndipo wafanyabiashara wetu wengi wanapoumia, na mimi huumia nao. Cheti kile kinaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina lile. Hakimpi haki ya kumzuia mtu kulibandika kwenye pakiti. Haki hiyo hutoka kwenye usajili wa alama ya biashara, chini ya sheria nyingine, ya mwaka 1986. Ukisajili, unalindwa miaka 7 ya mwanzo, halafu unahuisha kila baada ya miaka 10. Taasisi ni ileile moja, BRELA, vyeti ni viwili, na mtu akipewa cha kwanza anaondoka akiamini amemaliza. Natamani kila anayekabidhiwa cheti cha jina aambiwe palepale kwamba alama bado.

"Kwa hiyo nimekwisha?"

Hapana mama, hujakwisha. Hata bila usajili, sheria inamruhusu kumshtaki mtu anayeuza bidhaa yake kana kwamba ni ya mwenzake. Ila mzigo wa kuthibitisha utakuwa wa mama mwenyewe: kwamba wanunuzi waliijua pakiti ile kuwa ni yake kabla mwigaji hajaja. Namwagiza alete risiti za zamani, picha, daftari la mauzo, pakiti za mwanzo kama zipo. Ile picha ya sufuria nayo ina hakimiliki tangu ilipochorwa, na hakimiliki haisubiri kusajiliwa. Nani aliichora? Mtoto wa dada yake. Basi tuandikishane naye leo, haki za mchoro zihamie kwa mama.

Akiwa mlangoni anataja, kama jambo dogo, kwamba mzigo mwingine huupeleka Unguja kwa boti. Namrudisha kwenye kiti. Alama iliyosajiliwa Bara haina nguvu Zanzibar. Kule kuna sheria yake na msajili wake.

Saa 7

Kariakoo, jua la utosi. Nanunua pakiti ya kuiga kwenye frem ya jumla Mtaa wa Kongo na kudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti, ushahidi wangu ni maneno matupu. Muuzaji ni kijana mpole.

"Dada, hii inatoka sana. Nikufungie katoni?"

Hajui kama ni feki. Kisheria naye anaweza kukamatiwa mzigo, lakini sitaki kuanza na yeye. Aliyechapa lebo maelfu alikuwa na pakiti halisi mbele ya macho yake, na aliyemlipa alijua anachokitaka. Hao ndio ninaowataka. Alama ikishasajiliwa, tutapeleka malalamiko FCC, Tume ya Ushindani, ambao chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 wana mamlaka ya kukagua maghala na kuzuia bidhaa bandia.

Saa 9

Simu kutoka Oysterbay, mchoraji wa picha za mtindo wa Tingatinga. Picha yake imechapwa kwenye fulana bila ruhusa. Mtindo wenyewe hauna mwenyewe; Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha, akafariki 1972, na wengi wanachora kwa namna ile. Lakini picha hii ni ya huyu aliyenipigia, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Namwambia apige picha fulana hizo na duka lenyewe, anitumie leo.

Saa 10

Naandika barua ya onyo kwa mchapaji wa lebo, ambaye jina lake limechapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa pakiti ya kuiga. Kwa Kiswahili. Anayeonywa lazima aelewe kila sentensi, asije akasema alidhani ni tangazo. Namtaka aache kuchapa, akabidhi mabaki, na amtaje aliyeleta kazi.

Saa 11 na nusu

Mama anapiga. Amekwisha kuzungumza na wanawe.

"Mwanangu, sajili huku na Unguja. Hela nitalipa nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi."

Namtumia namba ya malipo ya BRELA. Akilipa usiku huu ombi linaingia, na alama ikikubaliwa, ulinzi wake utahesabiwa tangu tarehe ya ombi. Kuhusu Unguja, kesho nampigia wakili mwenzangu aliyeko Mlandege.