Nilivyochomoka na sapu ya oganiki

Mimi nilitoka fom siksi na B ya kemia, nikaingia chuo kifua mbele. Oganiki, yaani kemia ya kaboni, ya advansi ilikuwa kukariri tu, alkini ukiiweka na bromini inakuwa hivi, alkoholi ukiioksidaizi inakuwa vile, basi unazungusha konvesheni zako, kugeuza kitu kimoja kuwa kingine, mpaka unafika. Nikajua chuo ni hivyo hivyo. Testi ya kwanza nikapata 11 kwa 40, UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula, ikaja kunimalizia, likizo wenzangu wanapanda mabasi kwenda makwao mie nimebaki hosteli na madesa nasubiri sapu, mtihani wa kurudia.

Kaka mmoja wa mwaka wa tatu akaniona nimekonda, akanipa swali moja tu, propini na HBr, chora mekanizimu, yaani mishale ya kuonyesha riaksheni inavyokwenda hatua kwa hatua. Nikachora mshale unatoka kwenye haidrojeni yenye chaji chanya unaenda kwenye dabo bondi ya propini. Akaniuliza, "Dogo, hiyo haidrojeni ina elektroni ngapi?" Nikamwambia haina. "Sasa inatoa nini?"

Aisee. Muhula mzima nimechora mishale nikidhani inaonyesha nani anamfuata nani, kumbe inaonyesha elektroni zinatoka wapi zinaenda wapi, yaani mwenye nazo anampa asiyekuwa nazo. Hata ile kanuni ya Markovnikov, kwamba haidrojeni inaenda kwa kaboni yenye haidrojeni nyingi, niliyokuwa naimba "mwenye nacho huongezewa" ikapata sababu: haidrojeni inaenda kaboni ya pembeni ili chaji chanya ibaki ya katikati, huko inatulia zaidi kwa sababu ina kaboni mbili za kuisaidia, halafu bromini inatua hapo.

Toka hapo madesa nikayaweka chini ya godoro. Nikawa nachukua karatasi nyeupe nachora mekanizimu bila kuchungulia, nikikwama najiuliza elektroni ziko wapi, nani ana njaa. SN2, riaksheni ambayo kundi moja linaingia kwenye kaboni huku lingine linatoka, niliielewa kwenye daladala ya jioni, abiria anapandia dirishani upande wa pili wakati huo huo mwingine anashukia mlangoni. Ndo maana kaboni iliyobanwa na makundi matatu haikubali, dirisha limezibwa. Hiyo inataka SN1, wa kwanza ashuke kabisa, siti ibaki wazi, anayekuja aingie upande wowote, ndo unapata ule mchanganyiko wa molekuli za kushoto na za kulia. Na hiyo kushoto na kulia nilitumia ndala zangu, zinafanana kila kitu ila jaribu kuvaa ya kushoto mguu wa kulia uone. R na S, zile herufi za kutofautisha hiyo kushoto na kulia, bado zilinisumbua sitadanganya, nikatengeneza vidude vya mfano wa molekuli kwa unga wa ngano na vijiti vya meno, panya wakala viwili.

Sapu ikaja, mekanizimu nne, tatu nilizichora natabasamu, ya nne nilibahatisha. Matokeo C, maana kwetu kwenye sapu hata upate 90 wanakuandikia C. Nikaskrinishoti nikamtumia mama kwa furaha zote, akajibu, "Hongera mwanangu. Sasa hiyo C ndo umefaulu au?"